Risala ya Familia Wenyeji, Walimu wa Kiswahili na Wapiga Ngoma wa Kibaha na Kisarawe kuhusu Masomo ya Likizo ya Wanafunzi wa Kigeni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Madiwani,
Watendaji wa Kata na Wenyeviti wa Vijiji na Mitaa,
Wawakilishi wa vyuo vinavyoleta wanafunzi,
Makungwi, manju na wazee wetu,
Ndugu wananchi,

 

 Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, vyuo vya Marekani na Ulaya vinapofunga kwa majira yao ya joto, sisi huku tukiwa katika kipupwe, tunaletewa wanafunzi wanaokuja kujifunza Kiswahili na utamaduni. Wanalala katika nyumba zetu, wanakula katika sinia zetu, na tunawaita wanetu. Tunaowasilisha risala hii ni akina mama na akina baba tunaowapokea, walimu tunaowafundisha lugha, na wapiga ngoma, makungwi na wasusi tunaowafundisha mengine yote. Tunatoka Maili Moja, Visiga na Mlandizi upande wa Kibaha, na Kisarawe mjini, Masaki, Msanga, Mzenga na Maneromango upande wa Kisarawe.

Tunasema mwanzoni kabisa ili tusieleweke vibaya: tunaitaka kazi hii iendelee. Tunaileta risala hii kwa sababu tumenyamaza misimu mingi, na kunyamaza kwetu kumehesabiwa kuwa ni kuridhika.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, eneo letu halijaanza jana kupokea wageni wa elimu. Maneromango iliwapokea wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye Waanglikana walijenga Minaki, na chuo chao cha Mtakatifu Andrea kilisomesha vijana kutoka pande nyingi za Tanganyika.

Kibaha nayo ina historia ambayo tunaomba waandaaji wote wa masomo haya waisome. Mwaka 1963 ulianza hapa mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, kwa lengo la kupambana na ujinga, umaskini na maradhi. Ilijengwa shule, kikajengwa kituo cha afya, wakulima wakafundishwa. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, na ndio Shirika la Elimu Kibaha tunalolijua leo. Wageni wale walikuja kwa makubaliano ya maandishi, wakafanya kazi bega kwa bega na Watanzania, kisha wakakabidhi. Sekondari ya Kibaha ipo, na Hospitali ya Tumbi ipo.

Hata katika utafiti wa mila tunao mfano mwema wa jirani. Katika miaka ya 1970, wanavijiji wa magharibi mwa Bagamoyo walishiriki katika mradi wa Jipemoyo, ambamo watafiti wa Tanzania na wa Finland, akiwamo Marja-Liisa Swantz, walikaa na wananchi na kuwashirikisha katika kuyachunguza maisha yao wenyewe. Swantz alikuwa amekwisha kuandika kitabu juu ya mila na ishara za Wazaramo, kilichotoka mwaka 1970, baada ya kuishi na Wazaramo kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo hatudai jambo jipya wala lisilowezekana. Tunadai ushirikiano ambao mkoa huu wa Pwani umekwisha kuuona kwa macho.

FAIDA TULIZOPATA

Haki ya mtu asemwe kwa mema yake pia. Fedha za wanafunzi hawa zimeezeka nyumba na kulipa michango ya shule. Watoto wetu wamezoea kuzungumza na watu wa mbali bila woga. Wapo wanafunzi waliorudi kwao wakawa walimu wa Kiswahili, na wapo wanaotupigia simu kila Idi na kila Krismasi. Kwa hayo tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru wao.

MALALAMIKO YETU

Kwanza, tunafundishwa kana kwamba sisi ni watu wengine.

Ratiba nyingi tunazoletewa zina kipindi kinachoandikwa "ngoma ya Kiafrika". Mwanafunzi anafika akiwa ameshaiona djembe kwenye video huko kwao, naye anaitaka djembe. Mratibu anamwambia mpiga ngoma wetu aitafute. Mpiga ngoma ana watoto wa kulisha, basi anakwenda kuinunua katika maduka ya vinyago Dar es Salaam, anajifunza midundo miwili mitatu kwenye simu, na wiki inayofuata anaifundisha kana kwamba aliirithi kwa babu yake.

Djembe ni ngoma ya heshima, na ina wenyewe. Ni ya watu wa Kimande wa Guinea, Mali na nchi za jirani zao. Dunia iliijua kwa kiasi kikubwa kupitia Les Ballets Africains, kundi alilolianzisha Mguinea Fodéba Keïta huko Paris, ambalo Guinea ilipojitawala mwaka 1958 lilifanywa kundi la taifa na kutembea nchi nyingi. Tunawapongeza Waguinea kwa kuijengea ngoma yao jina. Tunachokataa ni jina hilo kutumika kuifunika ngoma yetu kwenye uwanja wetu.

Uzaramo na Ukwere zina ngoma zake. Tuna mdundiko, ambao haukai mahali pamoja: unatoka nyumba hadi nyumba, unashika barabara, na watu wanaufuata hadi kiatu kinakatika. Tuna vanga. Tuna ngoma za mkole kwa ajili ya mwali. Tuna msondo mrefu, chapuo, na vumi lenye sauti nzito, na tunajua ngozi ipi iwambwe wapi na moto wa makuti ukae umbali gani ili ngozi ikaze bila kupasuka. Mchiriku unaotikisa vichochoro vya Dar es Salaam umechipuka katika muziki wa sherehe za Wazaramo. Somo la namna hiyo halimaliziki kwa msimu mmoja.

Matokeo yake tunayaona. Kijana anayejua djembe anaitwa kazini Juni hadi Agosti. Kijana anayejua msondo anabaki barazani. Watoto wanaotazama wanachagua palipo na riziki, na mafundi wa kuchonga na kuwamba ngoma zetu wanazeeka bila wanafunzi. Mwanafunzi wa kigeni naye anadhulumiwa. Amelipa ada kubwa kuja Pwani ya Tanzania, na anaondoka na somo la Guinea alilofundishwa na mtu asiyeijua Guinea.

Anayetaka utamaduni wa Afrika Magharibi ana pa kwenda, na tunamtakia safari njema. Ghana ina Taasisi ya Taaluma za Afrika pale Legon, ambayo Kwame Nkrumah aliizindua mwaka 1963. Huko atajifunza Kitwi kwa Waakan, atafundishwa kente na wafumaji wa kente, atasimama Cape Coast na Elmina na kusimuliwa habari za utumwa na watu wa pale pale. Nasi tunastahili heshima hiyo hiyo: atakayekuja Kisarawe afundishwe Kisarawe.

Pili, kamera zinaingia mahali ambapo hata baba wa nyumba haingii.

Jambo hili ndilo linalotuumiza kuliko yote, na tunaomba lisikilizwe kwa utulivu. Kwa mila ya Wazaramo, msichana akivunja ungo huwekwa ndani, hukabidhiwa kwa kungwi na somo wake, na hufundwa; huo ndio unyago, naye huitwa mwali. Hupewa mwana hiti, kisanamu cha mti kisicho na mikono, chenye vishungi kichwani, akitunze kama atakavyotunza mwana wake. Siku ikifika hupelekwa kwenye mti wa mkole. Yanayosemwa huko hayatoki nje. Sisi wenyewe tumeyapunguza muda, kwa sababu mtoto lazima asome, na makungwi wetu wengi sasa hungoja likizo ya shule. Lakini siri yake haijapungua.

Likizo hiyo ya Juni ndiyo hiyo hiyo inayowaleta wageni. Mama mwenyeji anaombwa na mratibu awapeleke wanafunzi "wakaone". Akikataa, anaambiwa familia nyingine iko tayari. Imewahi kutokea kwamba picha ya mtoto wetu akiwa ndani ikapigwa kwa simu, ikapanda intaneti, na ikarudi kijijini kupitia simu za vijana wa bodaboda kabla mwali hajatolewa. Mtoto yule alirudi shule akichekwa. Hatutaji jina la mtu wala la programu, kwa kuwa hatukuja hapa kumwaibisha mtu. Tumekuja kuzuia lisijirudie.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na inalinda utu wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kibali na kwa sababu inayojulikana. Sheria hizo hazibagui mwenye kamera kwa rangi wala kwa pasipoti.

Lipo na la kuigiza. Wasichana ambao si wali huvalishwa, hupakwa, na kuchezeshwa mchana kweupe mbele ya basi la wageni ili ratiba itimie. Makungwi wetu wanaona aibu, na wanafunzi wanaandika katika ripoti zao kwamba wameshuhudia unyago. Hawakushuhudia unyago.

Tatu, kazi yetu inaitwa ukarimu ili isilipwe kama kazi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: hivyo ndivyo tulivyolelewa, na hatutaacha. Lakini programu inayotoza ada, inayotoa alama za chuo na yenye maprofesa wanaolipwa mishahara ni kazi, na kila anayeifanya ni mfanyakazi. Mama mwenyeji anaamka alfajiri kuchemsha maji ya kunywa, anahakikisha neti haina tundu, anapika, anafua, na wakati huo huo anasahihisha ngeli za mwanafunzi jikoni huku akimfundisha kukuna nazi na kutwanga kisamvu. Usiku mwanafunzi akipandwa na homa, ni yeye anayetafuta bajaji na kumkimbiza hospitali, na mara nyingine ni yeye anayelipa kwanza, akisubiri kurudishiwa.

Wengi wetu hatuna mkataba hata wa ukurasa mmoja. Malipo huja wiki kadhaa baada ya mwanafunzi kuondoka, kupitia mtu wa kati, bila maelezo ya kilichokatwa. Walimu wetu wa Kiswahili, wenye shahada na miaka ya kufundisha, huandikwa "wasaidizi wa lugha" na kulipwa posho ya siku. Mpiga ngoma hupewa nauli na soda.

Nne, tunachotoa hakirudi.

Visanamu vya mwana hiti vilivyochongwa na mababu zetu viko leo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Vingi vimeandikwa jina la kabila tu, bila jina la mchongaji wala la kijiji. Tunaogopa sauti za wazee wetu zisije zikapata hatima ile ile, na dalili tumeziona. Mzee wetu mmoja, manju wa mdundiko, alirekodiwa na wanafunzi akiimba na kueleza asili ya kila wimbo. Aliahidiwa nakala. Alifariki kabla ya kuiona. Wajukuu wake wanajua kwamba sauti ya babu yao ipo, na hawajui iko kwenye kompyuta ya nani. Kijana wa Msanga anayetaka kujifunza nyimbo zile leo hana pa kuzisikiliza, na mwanafunzi aliye maelfu ya kilomita anazo.

Mtafiti kutoka nje anatakiwa kupata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi. Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kuhifadhi urithi wa utamaduni usioshikika. Pamoja na hayo yote, wanafunzi hutumwa vijijini kwetu kufanya "tafiti ndogo" bila barua kwa mwenyekiti wa kijiji, wanauliza hadi mambo ya matambiko na dawa, na hakuna ripoti inayorudi, achilia mbali ripoti kwa Kiswahili.

Tano, njia hii ina upande mmoja.

Wanafunzi wanakuja, vijana wetu hawaendi. Mwenyeji wa misimu mingi ana binti aliyemaliza kidato cha sita kwa ufaulu mzuri, amekulia mezani pamoja na wageni hao, na hajawahi kuulizwa kama angependa kuona chuo chao. Tena si lazima aende Marekani. Desemba 1958 Waafrika walikutana Accra kupanga ukombozi wa bara zima, lakini leo kijana wa Kibaha anaijua Afrika Magharibi kwa filamu za Nigeria tu, na kijana wa Kumasi, Ghana, hatujui hata kwa hizo. Mmarekani anajifunza Ghana mwaka huu na Tanzania mwaka ujao. Sisi Waafrika anaojifunza habari zetu hatujakutana.

MADAI YETU

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa sababu hizo tunadai na kuomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya msimu ujao wa Juni:

1. Kila familia mwenyeji, mwalimu na msanii apewe mkataba wa maandishi kwa Kiswahili, unaotaja kazi, malipo, tarehe ya malipo na anayewajibika mwanafunzi akiugua au akipata ajali. Nusu ya malipo itolewe kabla mwanafunzi hajafika, na nusu siku anapoondoka.

2. Mwalimu aitwe mwalimu, katika mkataba, katika ratiba na katika ripoti, na alipwe kwa kiwango cha taaluma yake.

3. Kipindi cha "ngoma ya Kiafrika" kifutwe. Kila somo litaje jina la ngoma, watu wake na mahali inapotoka. Programu inayotaka djembe imlete mwalimu kutoka kwa wenye djembe, nasi tutampokea kwa furaha na kukaa darasani kwake.

4. Pasiwe na kamera, simu wala kinasa sauti katika unyago, na pasiwe na mwanafunzi ndani ya unyago isipokuwa kwa mwaliko wa makungwi wenyewe. Maigizo ya unyago kwa ajili ya wageni yakome. Familia itakayokataa isinyimwe wanafunzi kwa sababu hiyo.

5. Picha ya mtoto yeyote isipigwe wala kusambazwa bila ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi wake.

6. Hakuna utafiti, uwe mdogo kiasi gani, utakaofanyika bila kibali kinachotakiwa kisheria na bila barua kwa serikali ya kijiji au mtaa.

7. Nakala ya kila rekodi na kila ripoti irudi katika muda wa miezi sita. Tunaomba Halmashauri zetu zitenge chumba kimoja Kibaha na kimoja Kisarawe, penye kompyuta na mtunzaji, ambapo mwananchi yeyote ataweza kusikiliza. Rekodi zilizokwisha kuchukuliwa zianze kurudi sasa, na za waliofariki zitangulie.

8. Jina la mwenye wimbo, hadithi au ufundi liandikwe palipoandikwa la mwanafunzi, kama mwenyewe ameridhia.

9. Kwa kila kundi la wanafunzi linalokuja, itengwe nafasi kwa vijana wetu kwenda, iwe katika chuo kinachowaleta wageni au katika chuo cha Afrika Magharibi. Tunaomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Taasisi yake ya Taaluma za Kiswahili, na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), ambayo imefundisha sanaa tangu ilipoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, watusaidie kuzipanga nafasi hizo.

10. Iundwe kamati ya pamoja ya waandaaji, wenyeji, makungwi na Maofisa Utamaduni wa Halmashauri zetu, ikutane kabla ya msimu na baada ya msimu, na mihtasari yake ibandikwe kwenye ofisi za kata.

AHADI ZETU

Sisi nasi tunajifunga. Tutaandaa orodha ya mafundi wa ngoma, ususi wa ukili, uchongaji na mapishi, ili mratibu asije akasema hakumpata mtu. Tutawaandaa walimu vijana wakae chini ya manju na mafundi wazee, ili somo la msondo lisife. Kila mwanafunzi tutamlinda kama mwana wa nyumba. Na familia yoyote kati yetu itakayomwuza mwali kwa mwenye kamera, au itakayomdhulumu mgeni, tutaiondoa wenyewe katika orodha bila kungoja kuambiwa.

HITIMISHO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vyuo vinavyotuletea wanafunzi vinafundisha haki za binadamu, haki za wafanyakazi na heshima kwa tamaduni. Tunaviomba vitimize mafundisho hayo Kisarawe na Kibaha, kwa watu wanaowapikia wanafunzi wao. Hakuna dai hata moja hapa linalohitaji sheria mpya. Mengi yanahitaji karatasi, sahihi na nia njema.

Tunaomba majibu ya maandishi kwa kila dai kabla barua za kuwapokea wanafunzi wa msimu ujao hazijatumwa. Programu itakayokubali itatukuta mlangoni, chumba kimefagiliwa na chakula kiko mekoni. Itakayokataa isituletee wanafunzi mpaka tutakapokaa nayo na kuelewana.

 

Ni sisi,
Familia wenyeji, walimu wa Kiswahili na wapiga ngoma
Kibaha na Kisarawe, Mkoa wa Pwani